Mwizi wa vifaranga ni mwewe, si kozi

Mwandishi, habari yako imeandikwa vizuri ila umemwonea kozi mdogo, yule ndege mwindaji, kwa kumwita adui wa wafugaji wa kuku Lindi. Ndege mwenyewe ana uzito wa kama gramu 200 tu. Kifaranga cha siku mbili tatu anaweza kukibeba, sikatai, lakini riziki yake hasa ni panya, panzi, mijusi na kumbikumbi. Anayetutoa machozi huku kwetu Mtama, mkoani Lindi, ni mwewe, yule mkubwa mwenye mkia wa panda.

Kumtambua kozi si kazi. Mgongo una rangi ya matofali na madoa meusi, na dume ana kichwa cha kijivu. Tena mwangalie anavyowinda: anaukabili upepo, anasimama palepale hewani akipigapiga mbawa, kichwa hakitikisiki, kisha anashuka kidogo kidogo mpaka kwenye nyasi. Mwewe hana ufundi huo. Hata kiota kozi hajengi. Anataga kwenye mwamba, tundu la jengo au kiota kilichoachwa na kunguru.

Msimu wa kaskazi huja pia kozi wageni kutoka Ulaya na Asia, wanaondoka kufikia Aprili. Sasa ule ushauri wako wa kutega sumu ya panya mashambani siuafiki kabisa. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo, anazubaa mahali peupe, kozi anamla, naye anakufa. Vifaranga wekeeni wavu juu ya banda.