Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa kilishakufa, mbona hakizikwi?

"Binti bado anasoma?" Mshenga wetu aliuliza hivyo kwenye kikao cha posa, bahasha ya kishika uchumba ikiwa imelaliwa na kisahani cha kahawa. Akajibiwa kwamba amemaliza la saba mwaka juzi, hakuchaguliwa. Watu wakashusha pumzi. Umri hakuna aliyeuuliza. Nilipouuliza mimi, nikaambiwa anaingia kumi na sita.

Yule mshenga alijua anachokiuliza. Tangu 2016, Sheria ya Elimu inampeleka jela miaka 30 anayemuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, na habari hiyo imefika hadi vijijini. Watu wamejifunza kuogopa sare ya shule. Ikishavuliwa, hofu nayo inavuliwa.

Asiye na sare anaangukia mikononi mwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ile ya Tanzania Bara. Kifungu cha 13 kinamtaka mvulana afike miaka 18, msichana 15 tu, na mahakama inaweza kuruhusu hata wa miaka 14. Kifungu cha 17 kinadai ridhaa ya mzazi kwa msichana ambaye hajafika 18. Huyo mzazi ndiye anayepokea bahasha, lakini hayo tuyaache.

Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alivipeleka vifungu hivyo Mahakama Kuu akashinda, Julai 2016. Serikali ikapewa mwaka mmoja irekebishe, umri uwe 18 kwa wote. Badala ya kurekebisha, Mwanasheria Mkuu akakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Mwaka mwingine ukapita, Bunge halijavigusa.

Wanasheria wenzangu wengi husema basi, tusubiri Bunge. Mimi sikubali, na sababu yangu iko ndani ya Katiba yenyewe. Ibara ya 30(5) inairuhusu mahakama, badala ya kutamka sheria kuwa batili papo hapo, kuipa Serikali muda wa kurekebisha kasoro. Katika muda huo sheria huhesabiwa kuwa halali hadi irekebishwe au muda uishe, na linalotangulia ndilo linaloangaliwa. Muda uliisha. Hata ukiuhesabu upya tangu siku rufaa ilipotupwa, uliisha Oktoba 2020. Kwa hesabu yangu, tangu hapo umri wa miaka 15 hauna pa kusimama, Bunge likutane lisikutane. Anayefungisha ndoa ya namna hiyo leo ameegemea ukuta ulioanguka.

Na ukuta huo ulikuwa umebeba mengine. Kanuni ya Adhabu inasema kujamiiana na msichana aliye chini ya miaka 18 ni kubaka, hata akiridhia, isipokuwa akiwa mke wa huyo mwanaume na ametimiza 15. Ukiiondoa ndoa hiyo, mwanaume anabaki na kosa la jinai mkononi. Hili ndilo ningependa wanaume wa kwetu waelezwe, maana hoja ya haki za mtoto huwa wanaisikiliza huku wakiangalia saa.

Nalaumu pia mahakama kidogo. Kutoa mwaka mmoja bila kuagiza Serikali irudi kueleza imefikia wapi ni kumkopesha mtu na kutomuuliza tena.

Hayo yote niliyasema pale mkekani, kwa maneno mepesi. Nikashauri bahasha irudi mpaka binti atimize 18. Mjomba wangu akanitazama kama nimemwaga kahawa. Baba wa binti, mtu mpole, akasema, "Mwanangu, hiyo sheria unayoisema iko wapi tuisome?"

Kabla sijajibu, kijana mmoja wa upande wao alikuwa ameshaifungua Sheria ya Ndoa kwenye simu. Akasoma kwa sauti hadi kwenye miaka, akanigeuzia kioo nione mwenyewe. Kumi na tano.