Kabla ya Kumpa Chaki

Mtu akihitimu shahada ya uzamivu hapa Nairobi, jamaa zake huchinja mbuzi, naye huanza kuitwa daktari hata na wale wanaotaka awatibu mgongo. Juma linalofuata huanza kusaka vipindi vya kufundisha, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, vyuo vyetu vikuu humpoteza mtafiti. Kabla ya kumpa chaki, vingempa kwanza nafasi ya utafiti baada ya uzamivu.

Nina rafiki anayefundisha kwa muda katika kampasi tatu. Nilipokutana naye mara ya mwisho, alikuwa ndani ya matatu ya Thika Road, amepakata rundo la karatasi za mtihani, akizisahihisha hadi Githurai. Sampuli zake za udongo zingali katika friji ya maabara alikosomea, na kila umeme unapopotea fundi wa maabara humpigia simu kumuuliza kama azitupe. Malipo ya muhula uliopita hayajaingia, na makala alizokusudia kuandika kutokana na tasnifu yake hazijaandikwa.

Nafasi hiyo si darasa jingine, ingawa wazazi wengi huidhania hivyo. Ni kazi ya mkataba, aghalabu ya miaka miwili au mitatu, ambapo mtafiti hulipwa mshahara ili afanye utafiti chini ya mlezi aliyebobea, achapishe makala na ajifunze kuomba ruzuku. Nairobi nafasi hizo zinapatikana katika taasisi za kimataifa kama ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Kasarani kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka wa 1970, na ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo iliyoko Kabete. Lakini huko unashindana na ulimwengu mzima, na mara nyingi mada imekwisha kuamuliwa na mradi.

Vyuo vyetu navyo, tangu vigezo vya mwaka wa 2014 vilivyomtaka mhadhiri awe na uzamivu, vimeifanya shahada hiyo kuwa leseni ya kuingilia darasani. Fedha za utafiti nazo ni haba: sheria ya sayansi ya mwaka wa 2013 iliutengea mfuko wa utafiti asilimia 2 ya pato la taifa, kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa.

Nitaambiwa kwamba wahadhiri ni wachache na madarasa yamefurika. Ni kweli, wala sioni ubaya mtafiti huyo akifundisha kozi moja kwa mwaka. Ninachohofia zaidi ni kumgeuza kibarua wa profesa, kwa sababu hata Marekani na Ulaya wapo wanaozeeka wakiruka kutoka mkataba hadi mkataba. Kwa hiyo mkataba utaje muda, mshahara na jina la mlezi. Kila kitivo kianze na nafasi moja tu, igharimiwe na ile sehemu ya ruzuku ambayo chuo hukata kwa ajili ya usimamizi. Rafiki yangu angetosheka na meza, friji yenye jenereta, na mtu wa kumsomea rasimu.