Mtumwa Mwenye Vyeo Vinne

Niwekee mezani sarafu ya dhahabu ya Kaisari wa Bizanti, ile dola ya Kirumi ya mashariki, na pembeni kipande cha risasi, ile metali laini, cha ofisa wake. Nitachukua risasi.

Nasema juu ya mihuri iliyofungia barua na hati. Uzi ulipitishwa kwenye karatasi iliyokunjwa, ncha zake zikapenyezwa katika tundu la kipande cha risasi, kisha kipande kikabanwa na koleo la chuma lililochongwa maandishi na picha kwenye meno yake. Nyundo ikishuka mara moja, kazi imekwisha. Kama ulishawahi kuona sili kwenye mita ya umeme, unajua mambo yanavyokwenda: aliyefungua atajulikana. Barua zenyewe nyingi zimepotea, lakini risasi zimebaki kwa makumi ya maelfu. Dumbarton Oaks, taasisi ya utafiti kule Washington, peke yake ina mihuri ipatayo 17,000.

Chukua muhuri wa kawaida wa karne ya 11. Upande mmoja yupo Bikira Maria, mikono juu kwa sala, na kifuani duara lenye uso wa Mwanawe. Geuza. Mistari ya Kigiriki inaanza: Mama wa Mungu, msaidie mtumwa wako. Linafuata jina, halafu vyeo, tuseme vinne: cheo cha heshima ikulu, ujaji wa mkoa, na kuendelea. Herufi zinabanana na maneno yanakatwa, maana risasi ni ndogo kama sarafu na bwana mkubwa hataki hata cheo kimoja kiachwe nje.

Mtumwa gani huyu? Wapo wanaosoma unyenyekevu hapo. Mimi naona barua ya kuomba kazi iliyoanza na sala, na wala simwiti mnafiki. Cheo alipewa na Kaisari, na Kaisari wa Konstantinopoli, mji mkuu wa Bizanti, aliweza kupinduliwa kabla ya mavuno. Ndiyo maana sura ya mfalme ni adimu kwenye mihuri ya watu binafsi. Waliopenda kuiweka ni maofisa wa ushuru na maghala wa karne ya 7 na ya 8. Wengine walijibandika kwa mtakatifu: Nikolao, Demetrio, Malaika Mkuu Mikaeli, na kuliko wote Bikira Maria. Hao hawapinduliwi.

Kaisari naye alikuwa na hofu hiyo hiyo. Justiniano wa Pili aliweka sura ya Kristo upande wa mbele wa sarafu yake ya dhahabu, jambo ambalo hakuna aliyelizoea, yeye mwenyewe akahamia nyuma, amesimama na msalaba, na maandishi yakamtaja kuwa mtumwa wa Kristo. Mwaka 695 wakampindua na kumkata pua. Miaka 10 baadaye akarudi madarakani bila pua, na Kristo akarudi naye kwenye sarafu. Katika miaka hiyo ya 690, kule Damasko, Khalifa Abd al-Malik alikuwa akiziondoa sura zote kwenye dinari na kubakiza maneno tu. Wanahistoria wanabishana nani alikuwa akimjibu nani.

Isaka Komneno, aliyeshika kiti mwaka 1057, alijitokeza kwenye dhahabu ameshika upanga uliochomolewa alani. Watu walinuna: amepata ufalme kwa Mungu au kwa chuma chake? Kosa la picha moja tu.

Picha takatifu zilipopigwa marufuku katika karne ya 8 na ya 9, mihuri ilibaki na msalaba wa herufi uliofumba ombi lile lile la msaada. Sura ziliondoka, ombi halikuondoka. Mwaka 843 marufuku ilipofutwa, Patriaki Methodio, mkuu wa kanisa la Konstantinopoli, akamrudisha Bikira na Mtoto kwenye muhuri wake, na kwangu mimi hilo lilikuwa tangazo kubwa kuliko hotuba yoyote.

Lakini kinachonishika zaidi si muhuri. Ni vile vipande vingine vya risasi vinavyohusishwa na kugawa sadaka. Vingine vimeandikwa mstari wa Mithali 19:17, kwamba amhurumiaye maskini humkopesha Mungu. Havina uzi na havikufunga barua. Mtumwa wetu wa vyeo vinne, siku hiyo, amegeuka mkopeshaji.