Kichwa cha kijivu cha Belethor: modi za vyanzo viwili ndani ya Skyrim moja

Ukiingia mji wa Whiterun kwenye gemu ya Skyrim utamkuta Belethor nyuma ya kaunta, mfanyabiashara wa kila kitu. Siku moja nilimkuta kichwa chake kijivu kama majivu ya mkaa, mikono ikiwa na rangi yake ya kawaida. Gemu haikuzima, wala haikutoa onyo. Nilikuwa nimeweka modi mbili, yaani nyongeza za kubadili gemu, za kupendezesha sura za wahusika, moja kutoka tovuti ya Nexus Mods, nyingine kutoka Creations, duka la Bethesda wenyewe, watengenezaji wa Skyrim, lililomo humohumo ndani ya gemu. Kila moja ikiwa peke yake ilifanya kazi bila shida.

Wazoefu wa Skyrim wanaujua ugonjwa huu. Sura ya mhusika hukaa mahali pawili: plagini, faili ya modi inayoeleza pua, taya na rangi ya ngozi, halafu faili za umbo na picha ya uso ambazo zimeshaandaliwa. Hizo mbili zisipolingana, kichwa huwa kijivu. Kwenye plagini, iliyo chini zaidi katika orodha ya upakiaji ndiyo inayoshinda. Kwenye faili za picha sheria ni nyingine: faili iliyo wazi ndani ya folda ya Data ya gemu huishinda iliyofungwa kwenye kifurushi cha BSA, hata modi yake ikae wapi. Ile ya Creations ilikuja imefungwa, na plagini yake ikakaa chini ya orodha. Ile ya Nexus ilikuja na faili zake wazi. Belethor akapewa maelezo ya huyu na uso wa yule.

Hapo ndipo unaporudi ubishi wa siku zote: modi uchukue sehemu moja tu, au popote penye kitu kizuri?

Wanaotetea sehemu moja hawasemi ovyo. Creations unabofya, inapakuliwa, inajiweka. Huhitaji kujua BSA ni mnyama gani. Anayecheza kwa PlayStation au Xbox hata hana la kuchagua. Kisha kuna usalama. Modi nyingi ni picha na takwimu tu, lakini zipo zinazobeba faili za DLL, yaani vipande vya programu, na hizo zikishaingia kwenye kompyuta yako zinaweza kufanya karibu lolote linalofanywa na programu nyingine. Linki umeitoa kwenye grupu la Telegram, aliyeipakia unamfahamu?

Hoja hii naikubali nusu. Juni 2023 wachezaji wa Minecraft walishambuliwa na virusi vilivyopewa jina la fractureiser, vilivyoiba nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari, na vilipitia CurseForge, mojawapo ya maghala makubwa kabisa ya modi, baada ya akaunti za baadhi ya watengenezaji kutekwa. Desemba 25 mwaka huohuo ikawa zamu ya Downfall, modi maarufu ya Slay the Spire: akaunti ya mtengenezaji ilidukuliwa na sasisho lenye virusi likapitia Steam, duka la gemu za kompyuta. Waathirika hawakuwa wamezurura vichochoroni. Wengine walichofanya ni kuwasha gemu yao siku ya Krismasi.

Ghala moja lina udhaifu mwingine, nao ni kwamba mwenye ghala hubadili masharti anapotaka. Mwaka 2021 Nexus walitangaza kwamba mtengenezaji hataweza tena kufuta kabisa faili alizopakia kwao, ili mikusanyiko ya modi isivunjike. Waliokataa walipewa muda wa kuondoa kazi zao, na wapo walioondoa na kuhama. Mchezaji aliyekuwa amehifadhi zipu zake, yaani faili za modi kama alivyozipakua, hakupoteza kitu. Mimi sifuti zipu hata moja, na sababu yangu ya kwanza si falsafa, ni bando. Kupakua upya gigabaiti 40 za picha za mawe na nyasi ni hela.

Hata hivyo wanaosema "chukua popote" nao wana gharama ambayo hawaisemi. Kila chanzo kina saa yake. Modi nyingi nzito za Nexus hutegemea SKSE, programu inayojishikiza kwenye faili kuu ya gemu, toleo kwa toleo. Novemba 11, 2021 lilipotoka toleo jipya la Skyrim, Anniversary Edition, SKSE ya zamani ikakatika. Desemba 2023 sasisho lililoleta Creations likavunja tena. Duka la ndani ya gemu linataka toleo jipya, modi za nje zinataka lile zilizotengenezewa, na wewe uko katikati umeshikilia mchezo wa saa mia mbili usiofunguka.

Gemu nazo hazifanani. Vijana wanaocheza Bus Simulator Indonesia kwenye simu huchukua faili ya .bussidvehicle, wanaiweka kwenye folda ya Mods, wamemaliza. Kila basi ni faili yake na halimgusi jirani, kwa hiyo kwao swali la chanzo ni la kumwamini aliyekutumia, basi. Skyrim ni nyumba ya kupanga: jikoni ni moja na wapishi ni kumi.

Kwa hiyo mimi nachukua kutoka vyanzo vingi, lakini vyote vipite mlango mmoja. Natumia programu ya Mod Organizer 2, ambayo huipa kila modi folda yake na kuziunganisha pale tu gemu inapowashwa, hivyo folda ya Data inabaki safi. Cha Creations nakipakua, natoka, kisha nahamisha plagini na BSA yake kwenye folda yake humo, na pembeni naandika chanzo, toleo na tarehe. Programu ya LOOT hunipangia orodha ya plagini, ingawa haiwezi kujua ni sura ipi ninayoipenda. Kwenye Steam nimeamuru gemu isijisasishe mpaka niiwashe kutoka humo, nami huiwasha kupitia SKSE.

Belethor alinichukua dakika tano. Nilifungua modi ya Nexus, nikazitafuta faili zake mbili, ya umbo na ya picha, nikazificha. Niliporudi Whiterun, kichwa na mikono vilikuwa vya mtu mmoja.