Kamera Iliyotumwa na Polisi

Kwa wiki kadhaa sasa, watoto wakishalala, nimekuwa nikikesha na filamu za zamani za maandamano ya kupinga vita vya Vietnam. Zile za televisheni zenye msimulizi wa sauti nzito, gitaa la umeme na helikopta nimeziacha kando. Natazama mikanda yenyewe kama ilivyotoka kwenye kamera, kabla ya mkasi wa mhariri. Na iliyonishika roho zaidi ilipigwa na polisi wa New York.

Kati ya miaka ya 1960 na 1980, polisi wa jiji hilo walikuwa wakipeleka wapiga picha wao kwenye mikutano na maandamano ya kisiasa, na kamera za milimita 16. Walitaka kujua nani anaandamana, na nani anaongozana na nani. Leo mikanda hiyo imo katika hifadhi ya nyaraka ya jiji, na mingi imewekwa kwenye intaneti, yeyote aitazame.

Mpiga picha wa habari hutafuta tukio: bendera inayoungua, rungu linaloshuka, kijana anayeburutwa. Mpelelezi hutafuta sura. Ndiyo maana kamera yake haina pupa. Inaufuata mstari wa watu taratibu, mtu baada ya mtu, na hapo ndipo unapowaona wale ambao taarifa ya habari iliwaruka: kina mama wa makamo na mikoba yao, wazee ndani ya makoti mazito, watu waliovaa kama wanaokwenda kanisani. Sauti hakuna kwenye mikanda mingi. Midomo inafunguka na kufumba, na wewe unabaki kusoma mabango na kukisia wimbo.

Nasema hili kwa uchungu, maana najua picha zile zilipigwa kwa nia gani. Mtu kuandikwa kwenye faili la polisi kwa sababu amesimama barabarani kuomba vita vikome ni dhuluma, na kupita kwa miaka hakuigeuzi kuwa kitu kingine. Lakini dhuluma hiyo hiyo ndiyo iliyowatunzia watu hao sura zao. Nimelifikiria sana jambo hili na bado linanikera.

Kwa sababu tazama waliotakiwa kutunza walifanya nini. Mwaka 1968 bwana mmoja wa Nashville aliyefanya kazi ya bima, Paul Simpson, aligundua kwamba vituo vikubwa vya televisheni vya Marekani vilikuwa vikifuta kanda za taarifa zao za habari baada ya muda mfupi, vizitumie tena. Akahangaika huku na huko, na tarehe 5 Agosti mwaka huo Chuo Kikuu cha Vanderbilt kikaanza kurekodi habari za jioni. Taarifa za Oktoba 1967, makumi ya maelfu ya watu walipoandamana hadi Pentagon, makao makuu ya jeshi la Marekani, zilikuwa zimeshapita. Polisi hawakufuta za kwao.

Waandamanaji nao walikuwa na kamera. Desemba 1967 vijana wa New York waliunda kundi lililoitwa Newsreel, wapige picha wakiwa ndani ya umati. Kwao kamera inasukumwa, inatetemeka, inakimbia. Ukanda wa futi 100 haufiki dakika 3, na filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kila ukanda ni uamuzi wa mtu aliyechagua kubonyeza pale na si kwingine. Filamu za aina hiyo zikikaa kwenye joto na unyevunyevu huanza kunuka siki. Harufu hiyo ndiyo dalili kwamba ukanda unaoza, na ukishaanza hakuna dawa; unaweza kuuchelewesha tu, au kuwahi kuunakili.

Ndiyo maana nakasirika nikiona vipande vya sekunde 30 vinavyozungushwa kwenye simu, vimewekewa muziki, vikituuzia maandamano kama fujo au kama sherehe. Tutazame mikanda mizima. Inachosha, nakubali, na kuchoka huko ni sehemu ya kuelewa.

Chukua Ijumaa ya tarehe 23 Aprili 1971, Washington. Wiki hiyo askari waliorudi kutoka Vietnam walikuwa wamepiga kambi mjini. Safari yao waliipa jina la kijeshi, Dewey Canyon III, kwa kuiga majina ya operesheni za jeshi lao wenyewe. Mahakama ya Juu iliwakataza kulala kwenye uwanja walikopiga kambi. Walipiga kura, wakalala. Siku ya Ijumaa walikwenda kwenye jengo la Bunge kurudisha nishani zao za vita, wakakuta limezungushiwa uzio wa mbao na waya ili wasisogee.

Katika kipande kifupi utaona mkono mmoja ukirusha nishani, basi. Katika picha ndefu mstari haukatiki. Wanakuja mmoja mmoja kwenye kipaza sauti, wengine na nywele zimeshakuwa ndefu juu ya jaketi la jeshi. Huyu anataja jina lake na kikosi chake. Yule anataja rafiki aliyekufa, na sauti inamkwama. Mwingine hasemi kitu. Kisha mkono unakwenda nyuma, unarusha, na nishani inaruka juu ya uzio. Walikuwa kama 800. Ukifika mtu wa ishirini umeshaacha kuangalia nishani, unaangalia nyuso, kama yule mpelelezi wa New York.

Na wakishatupa, wapo wasioondoka. Wanabaki karibu na uzio, wanaume wazima, wameshikana mabegani, wanalia.