Mimi na Iceland

Jumapili majirani wanne wamenigongea hapa Sakina. "Baba Neema, tuungane. Geti letu, mlinzi wetu, na kisima chako tuchote wote." Umewasikia? Geti letu, mlinzi wetu, ila kisima ni changu! Nikawajibu ngoja nifikirie. Kwangu hiyo ni hapana iliyovaa tai.

Mimi mtu wa Arusha bwana, msinifundishe kuungana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilianza 1967, ikafa 1977. Hii ya sasa ina nchi nane na makao makuu yako hapa hapa mjini. Wakubwa wakija kwenye mkutano, barabara inafungwa. Mchango wangu kwenye mtangamano ni kusimama juani na mkungu wa ndizi begani.

Jioni redio ikataja Iceland. Watu hawafiki laki nne nchi nzima, wakati jiji letu peke yake lilipita laki sita kwenye sensa ya 2022. Umoja wa Ulaya uko pale, wao wanasitasita. Kisa? Samaki! Hawataki bahari yao ipangiwe mgawo Brussels. Na hawana jeshi, lakini miaka ya 1970 walikata nyavu za wavuvi wa Uingereza, manowari zikiwatazama, mpaka 1976 wakabaki na maili zao 200 za bahari. Nilipiga makofi mpaka kuku wakakimbia. Ndugu zangu kabisa hawa!

"Hukusikia pale benki zao zilipoanguka 2008?" Mama Neema huyo, hata hakuinua macho kwenye mchicha. "Mwaka uliofuata wakaomba kuingia wenyewe. Hali ilipotengemaa, 2015 wakasema basi. Kama wewe luku ilipoisha, ukavuta waya kwa Baba Aisha. Umeme uliporudi, salamu ukasitisha."

Nikanyamaza. Nilichokipenda zaidi ni kwamba tangu 1994 Iceland inauza kwenye soko la Ulaya bila uanachama. Huo ndio muungano wangu: nile, nisioshe sahani. Ingawa mtangazaji aliongeza kwamba sheria nyingi za soko hilo wanazifuata, na kura ya kuzipitisha hawana. Hapo nilidhani redio inakwaruza.

Wiki ya tatu sasa. Jamaa wamejenga geti bila mimi, pale mwanzo wa kichochoro. Jana narudi na madumu yangu, mlinzi kanisimamisha, kanipa daftari la wageni.

"Unakwenda kwa nani, mzee?"

Nikaandika: kwa Mama Neema.