Kitengo au Darasa la Wote: Umakini wa Mwanafunzi Mwenye Ulemavu wa Akili

Mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili, ambaye hawezi kutulia kwenye kazi hata dakika tano, asaidiwe wapi: katika kitengo cha elimu maalumu chenye watoto wachache, au katika darasa la kawaida pamoja na wenzake? Katika shule zetu za msingi nchini Tanzania walimu hawajakubaliana juu ya swali hili, ingawa sheria imekwisha kuelemea upande mmoja. Mwaka 2009 nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, na mwelekeo wa yote mawili ni elimu jumuishi, yaani watoto wote kusoma pamoja. Lakini sheria haiketi darasani saa tano asubuhi, mvua ikipiga bati na watoto 80 wakiitikia kwa pamoja.

Wanaotetea kitengo wana hoja nzito. Watoto wengi wenye ulemavu wa akili hushika maelekezo machache kwa wakati mmoja. Mtoto akiambiwa atoe daftari, achore mstari, anakili jedwali lililo ubaoni na kujibu swali la kwanza hadi la tano, huenda akabaki na daftari tu mkononi, na mwalimu akaona uzembe, kumbe maagizo mengine yalikwisha kumwagika njiani. Ndani ya kitengo mwalimu ana nafasi ya kutoa agizo moja, kungoja, kisha kutoa la pili.

Niliwahi kuketi nyuma ya chumba cha namna hiyo nikimtazama mvulana wa miaka kama 12 akihesabu vizibo vya soda. Mwalimu alimwekea mabakuli mawili, la kushoto lina vizibo kumi, la kulia tupu, na kazi ilikuwa kuhamisha kimoja kimoja huku akitaja namba. Hakuna aliyemwambia atulie, wala hapakuwa na haja, maana kazi yenyewe ilimwonyesha inapoanzia na inapokomea. Alipomaliza alisimama, akaizunguka meza mara moja, akarudi kudai vizibo vingine.

Wanaotetea darasa la wote hawagombani na vizibo. Wanauliza kuhusu kesho yake. Mtoto aliyezoea ukimya wa chumba cha watoto wanane ataishi sokoni, ndani ya daladala na kwenye nyumba yenye redio, na huko hakuna atakayemzimia kelele. Tena huongeza kwamba mtoto hujifunza kukaa na kazi kwa kumwona jirani yake akikaa nayo, na kitengo kinachochanganya wa miaka saba na wa miaka 16 hakimpi jirani wa kumwiga. Hoja hii naikubali nusu. Kuiga kunahitaji kazi iliyo ndani ya uwezo wa mwigaji. Akipewa kazi ileile ya wote bila kupunguziwa chochote, atakachoiga ni kunakili herufi asizozisoma, na utulivu wa namna hiyo hupendeza mkaguzi tu.

Wapo pia wanaoleta michezo ya kompyuta ya kunoa umakini. Matokeo yake yamekuwa ya kukatisha tamaa kidogo: mtoto huupata mchezo wenyewe vizuri, lakini faida hiyo haivuki sana kwenda kwenye kusoma na kuhesabu.

Katika mabishano yote haya, mwili wa mtoto husahaulika. Watoto wenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayoleta ulemavu wa akili, mara nyingi hupata maji nyuma ya ngoma ya sikio na husikia kwa shida. Anayeonekana hajali huenda hajasikia. Kifafa nacho ni cha kawaida zaidi kwa watoto wenye ulemavu wa akili, na kuna aina yake isiyoangusha mtu chini: macho huganda sekunde chache, kisha mtoto huendelea akiwa amepoteza sentensi nzima. Hata fenobabitoni, dawa ya kifafa inayotumika sana, huweza kumletea usingizi darasani. Kumhamisha mtoto wa namna hiyo kutoka chumba kimoja hadi kingine kabla ya kupimwa masikio, macho na dawa anazomeza ni kubahatisha.

Kwa maoni yangu, mtoto aanzie kitengoni kwa kazi mpya na ngumu, ajiunge na darasa la wote kwa zile alizokwisha kuzizoea, na mpaka kati ya hizo mbili usogezwe kidogo kidogo. Ugumu uko kwa walimu. Wanaohitimu elimu maalumu katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, hupangiwa kitengo na kubanwa humo, huku mwalimu wa darasa la kawaida akiachwa peke yake na umati wake. Bila saa chache kwa wiki za wawili hao kupanga kazi pamoja, mtoto atakuwa anahama viti tu.

Yule mwalimu wa vizibo alijua kuusogeza mpaka huo kidogo kidogo bila waraka wowote. Niliporudi muhula uliofuata nilikuta ameisogeza meza hadi mlangoni, karibu na uwanja wa mpira. Mvulana alifika kizibo cha saba, filimbi ikalia, akainua kichwa na kutazama mpira kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani ndiyo basi. Kisha akakitazama kidole chake, akasema, "Nane."